Buluu Iliyovuka Bahari Mara Mbili

Karibu na ufuko wa Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, kuna pango la mwamba liitwalo Mumba. Msafara wa Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen ulilichimba katika miaka ya 1930, na wachimbaji wengine wakarudi baadaye. Miongoni mwa zana za mawe zilizotoka humo, nyingine za makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, kulikuwa na vipande vyeusi ving'aavyo vya obsidiani, yaani kioo kinachozaliwa volkano inapotapika na lava ikapoa haraka. Nyanda za juu za Ngorongoro zina volkano tele. Mtu yeyote angedhani mawe yale yaliokotwa hapo hapo nyumbani. Lakini mwaka 1984 Harry Merrick na Francis Brown walichapisha matokeo ya vipimo vya kikemia, na ikaonekana kwamba baadhi ya obsidiani ya Mumba ilitoka Naivasha, nchini Kenya, zaidi ya kilomita 300 kutoka pangoni. Hakuna aliyeandika habari za safari ile. Kilichoihifadhi ni kiasi cha chuma, zirkoni na elementi nyingine ndani ya kioo chenyewe.

Mhadhara huu unahusu kioo cha namna nyingine, kilichotengenezwa na watu katika majoko ya mji wa Jingdezhen, jimbo la Jiangxi, kusini mwa China. Ni lile tabaka jembamba, lisilofika hata milimita moja, linalofunika bakuli jeupe lililochorwa maua ya buluu. Wenye viwanda vya vyombo huliita glezi. Swali la wanasayansi ni lile lile lililoulizwa Mumba: kioo hiki kimetoka wapi, na kimefikaje hapa?

Ieleweke mapema kwamba Karatu si mahali pa kutafuta kauri za enzi ya Ming. Bidhaa za bahari zilizofika bara zamani hizo zilikuwa ndogo na nyepesi, kama zile shanga za kioo zilizopatikana Engaruka, kwenye magofu ya mifereji na matuta chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mabakuli yenyewe yalibaki pwani. Hata hivyo mtu wa Karatu ana sababu nzuri ya kufuatilia habari hizi. Ngorongoro Lengai imo katika orodha ya UNESCO ya jiopaki za dunia tangu mwaka 2018, na sayansi inayosoma majivu ya volkano za jiopaki hiyo ndiyo inayosoma glezi ya Jingdezhen. Tabaka za majivu za Olduvai, ambazo mwaka 1961 zilipimwa kwa potasiamu na argoni na kuonyesha umri wa miaka milioni 1.75, leo hulinganishwa kutoka korongo moja hadi jingine kwa kupima kemia ya chembe za kioo na madini yaliyomo. Mwanajiolojia anayefanya kazi hiyo angekabidhiwa kigae kutoka Kilwa, asingekuwa mgeni kabisa.

Na vigae vya Kilwa ni vingi. Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia Mwingereza mwenye jina kubwa wakati ule, alitembea pwani ya Tanganyika kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa. Alipigwa na butwaa kwa wingi wa kauri zilizovunjika alizokanyaga, hata akatoa hoja kwamba historia ya Tanganyika iliyozikwa ardhini, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Alitia chumvi, kwa sababu ukichimba Kilwa, vyungu vya wenyeji huvizidi kwa mbali vyombo vyote vya ng'ambo. Lakini hakukosea kuhusu kazi ambayo kauri inaweza kufanya. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, aliegemea sana vyombo vya nje kupanga miaka ya majengo na matabaka. Mpaka leo, kosa katika kutambua kigae huweza kuusogeza msikiti mzima mbele au nyuma miaka mia moja.

Waswahili wenyewe hawakuzitia kauri kabatini na kuzisahau. Katika nyumba za mawe walichonga zidaka ukutani na kupanga humo vyombo vyao. Walipachika mabakuli kwenye dari za misikiti na kwenye nguzo za makaburi. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na Kaole, karibu na Bagamoyo, makaburi ya namna hiyo bado yamesimama, ingawa mabakuli mengi yameng'olewa, yamebaki mashimo ya duara kwenye chokaa. Mombasa kuna ushahidi wa aina nyingine: meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama chini ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira ngome, ilichimbuliwa baharini kati ya mwaka 1977 na 1980, na kauri za Kichina zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotolewa. Kigae cha meli kina tarehe yake ya mwisho, kwa kuwa hakiwezi kuwa cha baada ya siku ile. Vigae vya makaburini ni vigumu zaidi. Bakuli huweza kukaa ndani ya nyumba kwa vizazi kadhaa kabla ya kupachikwa kaburini, hivyo umri wa bakuli si lazima uwe umri wa kaburi.

Sasa kemia.

Glezi ni mchanga ulioyeyuka, kwa maneno mengine silika, pamoja na alumini kidogo inayoipa ugumu. Silika peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,700, joto ambalo majoko ya zamani hayakuweza kulifikia. Kwa hiyo mfinyanzi anahitaji kitu cha kushusha joto hilo. Wafinyanzi wa Iraki na Uajemi walitumia sodiamu, waliyoipata kwenye majivu ya mimea ya jangwani. Wa Jingdezhen walitumia kalisi: walichoma mawe ya chokaa pamoja na majani, kama vile jamii ya kangaga, wakachanganya majivu yake na unga wa jiwe lao jeupe, kisha wakachoma vyombo kwenye joto la nyuzi 1,250 hadi 1,350 hivi. Potasiamu ilitoka kwenye lile jiwe lenyewe.

Mkazi wa Ngorongoro hana haja ya kwenda Uajemi kuiona sodiamu. Ipo kwenye magadi ya Ziwa Natron, ipo kwenye ziwa la ndani ya kreta, na ipo kwa wingi usio na mfano Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti za sodiamu na potasiamu. Lava hiyo hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, takriban nusu ya joto la lava ya kawaida, huwa nyeusi inapotiririka, na hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu wa hewa. Mwanajiolojia J. B. Dawson ndiye aliyewaeleza wanasayansi wa dunia jambo hilo, baada ya mlipuko wa mwaka 1960. Pale mlimani mtu anaona kwa macho nguvu ya sodiamu katika kushusha joto la kuyeyuka. Anaona pia udhaifu wake: vitu vyenye sodiamu nyingi haviishi na maji kwa amani. Ndiyo maana mitungi ya rangi ya feruzi kutoka Ghuba, inayopatikana Unguja Ukuu, Manda na Kilwa, mara nyingi hufukuliwa ikiwa imebabuka glezi, ilhali kipande cha Jingdezhen kilicholala mchanga ule ule huoshwa kikang'aa kama cha jana.

Kipimo cha kalisi na potasiamu kinatoa habari nyingine pia. Kadiri miaka ilivyokwenda, kuanzia enzi ya Yuan (1279–1368) kuingia Ming (1368–1644), mafundi wa Jingdezhen walipunguza majivu ya chokaa, hivyo kalisi ikashuka na potasiamu ikapanda. Glezi yenye chokaa nyingi huwa nyepesi motoni na hutiririka. Yenye potasiamu hunata zaidi na kushika mchoro usichuruzike. Mguso wa rangi ya kijani-buluu kwenye weupe wa vyombo vya mwanzo unatokana na chuma kidogo kilichobaki kwenye glezi, kikachomwa jokoni penye moshi na hewa haba.

Rangi ya buluu yenyewe ni kobalti. Mchoraji aliisaga, akaichanganya na maji, akachora kwenye bakuli bichi ambalo halijachomwa, kisha akaifunika kwa glezi na chombo kikaingia jokoni mara moja tu. Ndiyo sababu buluu ya Jingdezhen haifutiki: imezikwa chini ya kioo. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, chini ya asilimia moja. Lakini kobalti haichimbwi ikiwa peke yake. Hutoka ardhini na ndugu zake, na ndugu hao ndio wanaomweleza mpimaji ilikotoka.

Mwaka 1956 Stuart Young alichapisha vipimo vya kauri za buluu na nyeupe vilivyoonyesha kwamba vyombo vya karne ya 14 vilikuwa na manganizi kidogo sana kwenye buluu yao, ilhali vyombo vya baadaye vilikuwa nayo nyingi. Mwaka 1967 Banks na Merrick waliendeleza kazi hiyo na kuongeza idadi ya vyombo. (Merrick huyu siye yule wa Mumba, ni majina kufanana, ingawa wote wawili walifanya kazi ya kukiuliza kioo asili yake.) Ufafanuzi uliojengwa juu ya vipimo hivyo, na vingine vingi vilivyofuata, ni huu: madini ya kobalti yanayopatikana China kwenyewe hukaa pamoja na manganizi, wakati kobalti iliyotumika Jingdezhen katika enzi ya Yuan na mwanzoni mwa Ming ilikuwa na chuma kingi, manganizi haba, na mara nyingine dalili ya aseniki. Ilikuwa bidhaa ya kuagizwa kutoka nje. Watafiti wengi huielekeza Uajemi, ambako machimbo ya Qamsar, karibu na Kashan, yalijulikana kwa wafinyanzi tangu zamani.

Fikiria maana yake. Madini yalitoka nchi za Uajemi, yakafika China, yakawa ua kwenye ukingo wa bakuli. Bakuli likapakiwa melini, likavuka Bahari ya Hindi kurudi magharibi, likauzwa bandarini ambako wafanyabiashara wa Shiraz, Aden na Gujarat walikuwa wenyeji. Buluu ile ilikuwa imeizunguka bahari na kukaribia kule ilikotoka. Mtu anayesema kauri za Kilwa ni ushahidi wa uhusiano wa Afrika na China amesema nusu ya habari. Glezi inasema kwamba palikuwa na mtu wa tatu tangu mwanzo. Maandishi ya enzi ya Ming yenyewe yanaitaja buluu ya Waislamu, na vase mbili maarufu za David zilizo Makumbusho ya Uingereza, zenye tarehe ya mwaka 1351 iliyochorwa shingoni, zinathibitisha kwamba kufikia wakati huo ufundi ulikuwa umekomaa. Ni miaka 20 tu baada ya msafiri Ibn Battuta kutia nanga Kilwa.

Uagizaji ule haukudumu kwa namna moja. Kuanzia katikati ya karne ya 15 kobalti ya Kichina, ile yenye manganizi, inajitokeza kwa nguvu, na buluu yake ni laini, wakati mwingine yenye kijivu. Katika karne ya 16 rangi ya kigeni inarudi, mara nyingi ikichanganywa na ya ndani. Uwiano wa manganizi kwa kobalti, na wa chuma kwa kobalti, kwa hiyo humpa mtafiti kalenda ya kukadiria. Hata madoa meusi yanayoonekana kwenye buluu nzito ya enzi za wafalme wa Ming, Yongle na Xuande, ambayo wakusanyaji huyapenda na waghushi huyaiga kwa kudondoshea rangi, ni fuwele zenye chuma zilizojitenga kwenye glezi ilipokuwa ikipoa. Mghushi huweza kuiga doa. Kuiga uwiano wa elementi kwenye doa ni kazi nyingine.

Kifaa kinachotumika zaidi siku hizi kinatoshea mkononi. Kinarusha eksirei, miale inaingia kwenye atomu na kung'oa elektroni ya ndani, elektroni ya nje inashuka kuziba pengo, na kushuka huko kunatoa mwale wenye nguvu maalumu kwa kila elementi. Manganizi hutoa 5.90, chuma 6.40, kobalti 6.93, kwa vipimo vya kiloelektroni-volti. Wapimaji madini hukitumia kifaa hicho hicho machimboni kila siku. Chombo hakivunjwi wala hakikwanguliwi, sekunde chache zinatosha, na kifaa kinaweza kuinuliwa mpaka kwenye dari ya msikiti ambako bakuli lingali limepachikwa. Kwa nchi yenye sheria kali kuhusu kutoa vitu vya kale nje, hilo si jambo dogo.

Lakini kifaa hicho kina vitimbi vyake, na hapa ndipo makala nyingi za kusifu teknolojia hunyamaza. Chuma, mbali na mwale wa 6.40, hutoa mwale wa pili wa 7.06. Mwale huo unakaa karibu kabisa na ule wa kobalti. Kwenye glezi yenye chuma kingi na kobalti kidogo, programu ya kifaa huweza kuihesabu sehemu ya chuma kama kobalti, na mpimaji asiye makini akaondoka na uwiano wa uongo mkononi. Pili, sodiamu haionekani kwa urahisi. Mwale wake ni dhaifu mno, unamezwa na hewa kabla haujafika kwenye kipokezi, hivyo elementi inayojaza Lengai nzima, kifaa cha mkononi kinaipita kimya. Tatu, eksirei haziishii kwenye mchoro. Zinapita kwenye glezi, kwenye buluu, pengine mpaka kwenye udongo wa chini, na jibu linalotoka ni mchanganyiko wa vyote. Wapimaji wazuri hupima mahali palipochorwa na mahali peupe kando yake, kisha hutoa kimoja kwenye kingine.

Nne ni tatizo la pwani yetu hasa. Vigae vya Kilwa, Songo Mnara na Kunduchi vimelala miaka mia kadhaa katika mchanga wa matumbawe au vimepachikwa ndani ya plasta ya chokaa. Chokaa ni kalisi. Ukoko mwembamba usioonekana vizuri kwa macho unatosha kuipandisha kalisi ya glezi na kukifanya kigae cha karne ya 16 kionekane kana kwamba ni cha karne ya 14. Kipimo kilichochukuliwa bila kuusafisha uso wa kigae kwa maji na brashi laini, na bila kuuangalia kwanza kwa hadubini, afadhali kisichukuliwe.

Maabara kubwa zina njia za kukwepa mitego hii. Moja ni kuchoma nukta kwa leza, nukta isiyoonekana kwa macho, na kuupeleka mvuke wake kwenye mashine inayopima uzito wa atomu. Njia hii hufikia elementi zilizomo kwa sehemu chache kati ya milioni moja, na huona sodiamu pia. Makumbusho ya Field mjini Chicago yana maabara ya namna hiyo, na shanga nyingi za kioo za Afrika zimepimwa humo. Watafiti wa makumbusho hayo hayo walionyesha mwaka 2019 jinsi kifaa cha mkononi, kikitumiwa kwa nidhamu, kinavyoweza kugawa kauri za meli iliyozama Bahari ya Java kwa majoko zilikochomwa, kwa kulinganisha na vigae vilivyookotwa kwenye majoko yenyewe huko China. Ufunguo ulikuwa ule ulinganisho. Namba peke yake haisemi Jingdezhen. Inasema Jingdezhen pale tu ambapo taka za joko la Jingdezhen zimepimwa kwa mashine ile ile na kwa kipimo kile kile.

Faida kubwa ya kupima, kwa mtazamo wa mhadhara huu, haiko kwenye vyombo vizuri. Bakuli zima la Ming mtaalamu huweza kulitambua kwa jicho, kwa mguu wa bakuli, kwa mwandiko wa mchoraji. Bing Zhao, aliyechapisha mwaka 2012 uchunguzi wake wa vigae vya Sanje ya Kati na Songo Mnara, alifanya kazi kubwa kwa jicho na ujuzi wa majoko. Kemia inahitajika kwa vile vipande vidogo mfano wa ukucha, vilivyosuguliwa na mawimbi, ambavyo ndivyo vilivyo vingi. Wafinyanzi wa Uajemi waliiga buluu na nyeupe kwa ustadi, na kazi zao zilifika pwani hii. Vietnam na Japani nao waliuza zao. Katika karne ya 19 vikaja vyombo vya Ulaya, vyenye michoro ya Kichina iliyopigwa chapa kiwandani. Ukikiweka kifaa juu ya kigae kidogo kikaonyesha risasi kwa wingi, yaani ile metali nzito inayoyeyushia glezi nyingi za Ulaya za wakati huo, basi habari ya Ming imekwisha. Glezi ya Jingdezhen iliyofunika buluu haikutegemea risasi. Udongo wa ndani ukionekana ni unga wa silika ulioshikana kwa kioo kidogo, huo ni mkono wa Uajemi. Maswali ya namna hii hujibiwa kwa dakika moja, na yanabadilisha hesabu ya biashara ya mji mzima.

Kuna hadithi nyingine inayopendwa sana kila kauri inapotajwa, ya msafara wa amiri wa China, Zheng He, na twiga aliyepelekwa kwa mfalme Yongle kutoka Malindi mwaka 1415. (Twiga huyo asingetoka kwenye kreta ya Ngorongoro kwa vyovyote, twiga hawashuki mle.) Wachina na Wakenya walianza kuchimba pamoja Mambrui na Malindi mwaka 2010, na sarafu ya Yongle imepatikana Mambrui, na nyingine kisiwani Manda mwaka 2013. Ni ugunduzi wa kweli na wa kufurahisha. Lakini kauri nyingi za pwani ya Afrika Mashariki hazikuletwa na meli za mfalme. Zilikuja kidogo kidogo, bandari kwa bandari, kupitia India na Ghuba, mikononi mwa wafanyabiashara ambao majina yao hatutayajua, kabla ya Zheng He na baada yake. Kipimo cha glezi kinaonyesha mahali chombo kilipochomwa. Hakionyeshi bendera ya meli iliyokibeba, na anayetaka kukitumia kuthibitisha urafiki wa mataifa ya leo anakitwisha mzigo usio wake.

Tanzania imekalia malighafi nzuri ya elimu hii bila kuitumia vya kutosha. Milima ya Pugu, jirani na Dar es Salaam, ina kaolini nyingi, udongo ule ule mweupe uliopata jina lake kutokana na kilima cha Gaoling karibu na Jingdezhen. Dodoma kuna Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye uzoefu mkubwa wa kupima miamba. Wataalamu wa eksirei hawakosekani katika sekta ya madini. Kinachokosekana ni mpango wa kuwaketisha pamoja mpimaji wa dhahabu na mtunza makumbusho, kununua vioo vya rejea ambavyo viwango vyake vinajulikana, na kupima makusanyo ya Kilwa, Kunduchi na Kaole hapa hapa nchini, kipande kwa kipande, yakiwa na kumbukumbu za mahali yalipochimbwa. Kazi hiyo haina mvuto wa kupiga picha na wageni rasmi. Ingechukua miaka. Lakini bila hiyo, kila mtafiti anayekuja ataendelea kuondoka na namba zake kwenye kompyuta yake.

Walioko Karatu na Ngorongoro wana nafasi ya kuanza na walicho nacho. Obsidiani ya Mumba na ile ya pango la Nasera, majivu ya Olduvai, magadi ya Natron na lava ya Lengai vinaweza kufundisha darasa la sekondari kila kanuni iliyotajwa humu, bila kigae kimoja cha China. Mwanafunzi aliyekwisha elewa kwa nini lava ya Lengai hutiririka ikiwa na nyuzi 500 ataielewa glezi ya Kilwa kwa urahisi kuliko mwenzake wa London.

Na kwa msomaji yeyote, wa bara au wa pwani, ombi ni hili. Ukiona kipande cha kauri ya buluu ufukoni, au kijiwe cheusi king'aacho kando ya Ziwa Eyasi, kiache kilipo, piga picha, andika mahali, kisha utoe taarifa kwa serikali ya kijiji, ofisi ya mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu. Usikitie tindikali ili king'ae, usikipake gundi, na usikubali kumuuzia mgeni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.